Unyayo Ulioumwa kwa Sababu ya Mgongo

Kiswahili chetu kina neno moja, mguu, linaloanzia nyongani na kuishia kwenye ncha za vidole, na mimi ambaye nimefundisha somo la Kiswahili katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka 20 sikuwahi kuona tatizo lolote katika jambo hilo hadi nilipoanza kuumwa. Kila nilipoingia kwa daktari nilisema "naumwa mguu", naye akaandika kwenye daftari langu kwamba mgonjwa anaumwa mguu, kisha nikapewa dawa ya mguu. Ilipita miaka miwili kasoro kidogo kabla ya mtu yeyote kuniuliza ni upande gani wa unyayo, ni kidole kipi, na kama ganzi huja nikiwa nimesimama au nimekaa. Majibu ya maswali hayo ndiyo yaliyoonyesha kwamba ugonjwa wangu ulikuwa kiunoni.

Mimi si daktari, na sitaki mtu asome hapa kisha akajitibu. Ninachotaka ni kwamba ndugu msomaji atakapokwenda kumwona daktari aende na maelezo yanayojitosheleza, kwa sababu nimeamini kwamba katika maumivu ya miguu sehemu kubwa ya uchunguzi imo kinywani mwa mgonjwa mwenyewe.

Yangu yalianza katika mguu wa kushoto. Nilikuwa na vipindi vinne mfululizo, nikisimama juu ya sakafu ya saruji kuanzia saa 2 asubuhi, na kufikia kipindi cha tatu nilihisi kama kuna kokoto imeingia kiatuni na kukaa chini ya kidole kidogo. Siku ya kwanza nilivua kiatu mbele ya wanafunzi wa kidato cha pili, nikakikung'uta mara mbili, na hakikutoka kitu. Baada ya wiki kadhaa ile kokoto iligeuka kuwa mstari wa moto ulioanzia chini ya kifundo, ukapita ukingo wa nje wa unyayo na kuishia kwenye vidole viwili vya mwisho, ambavyo vilikuwa vikifa ganzi kila nilipokaa kusahihisha madaftari. Usiku, mara nyingi saa 9 au saa 10, kigimbi cha mguu huohuo kilikaza ghafla, na nilipokishika kwa kiganja nilikuta fundo gumu kama ndimu chini ya ngozi. Mume wangu alizoea kuamka na usingizi wake, akashika vidole vyangu vya mguu na kuvisukuma kuelekea kwenye goti mpaka fundo lile lilegee.

Katika kituo cha kwanza nilichokwenda nilipimwa damu, nikaambiwa kwamba asidi ya yuriki imezidi kidogo, kwa hiyo nina gauti. Niliacha nyama nyekundu, maharage na dagaa kwa miezi 7, nikapungua mwili hadi watu wakaanza kuniuliza kama nina tatizo nyumbani, na maumivu yakabaki palepale. Ninasema bila kificho kwamba katika miji yetu siku hizi gauti limekuwa jina la kila mguu unaouma, na hilo linaumiza watu wengi. Gauti ya kweli, ambayo wazee waliiita jongo, hutokana na fuwele za asidi ya yuriki zinazojikusanya ndani ya kiungo, nayo ina tabia zake: huvamia ghafla, mara nyingi usiku, katika kiungo kimoja, na kinachopendwa zaidi ni kile cha shina la kidole gumba cha mguu, ambacho huvimba, hupata moto na kuuma kiasi kwamba mgonjwa hawezi kuvumilia hata shuka likimgusa. Baada ya wiki moja au mbili hutulia, kisha huweza kurudi baada ya miezi. Wapo watu wengi ambao asidi hiyo imepanda katika damu na hawatapata gauti maisha yao yote, na wapo wenye gauti ambao siku ya shambulio kipimo chao husoma kawaida, kwa hiyo namba peke yake haitoshi. Isitoshe, ugonjwa huu ni nadra kwa mwanamke ambaye bado anaona siku zake, nami nilikuwa na miaka 41. Unyayo wangu haukuwahi kuvimba hata siku moja. Hakuna aliyeuangalia.

Kituo cha pili kilikishuku kisigino, na hilo angalau lilikuwa na mantiki, maana chini ya unyayo kuna utando mnene unaotoka kwenye mfupa wa kisigino hadi kwenye vidole, na kwa watu wanaosimama muda mrefu juu ya sakafu ngumu, au walioongezeka uzito, au wanaovaa viatu bapa visivyo na kitu ndani, utando huo huchoka na kuuma. Mwalimu mwenzangu anao ugonjwa huo na dalili zake hazifichiki: hatua za kwanza anaposhuka kitandani asubuhi ni kama anakanyaga msumari, akishatembea kidogo hupata ahueni, halafu jioni maumivu hurudi. Ukimbonyeza kwa kidole gumba sehemu ya ndani ya kisigino, kwa mbele kidogo, anaruka. Amesaidiwa na mazoezi ya kunyoosha kigimbi na unyayo, kuviringisha chupa ya maji yaliyoganda chini ya wayo, kubadilisha viatu, na subira, kwa kuwa ugonjwa huo kwa watu wengi huisha wenyewe lakini unaweza kuchukua hadi mwaka mzima. Yule "mwiba" ambao picha ya eksirei huonyesha kwenye kisigino hauhitaji kumtisha mtu, kwani hupatikana pia kwa watu wengi wasiosikia maumivu yoyote. Mimi sikuwa na hata moja ya dalili hizo. Asubuhi ndiyo iliyokuwa saa yangu nzuri kuliko zote.

Kituo cha tatu walinipa zile sindano nyekundu za vitamini B, ambazo kila mtu mwenye ganzi mjini kwetu amewahi kuchomwa, pamoja na vidonge vya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, vya wiki tatu. Vitamini B12 ni dawa kweli kwa mtu aliyepungukiwa nayo, lakini kwangu hakuna aliyepima kama imepungua. Diklofenaki nayo ilinituliza kwa siku chache na kunichoma tumbo kwa siku nyingi. Dawa za jamii hiyo huweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kudhuru figo, na mtu mwenye kisukari au mwenye presha hapaswi kuzinunua kwenye duka la dawa na kuzimeza mwezi baada ya mwezi kama tunavyoona watu wakifanya.

Aliyenifungua macho alikuwa kijana mmoja wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, ambaye umri wake haujafika hata 30. Alinipokea kwa shikamoo, akanikalisha, kisha badala ya kuniuliza ninaumwa nini akanipa karatasi iliyochorwa mtu kwa mbele na kwa nyuma pamoja na kalamu nyekundu, akasema, "Mwalimu, naomba unichoree mahali maumivu yanapopita, na pale penye ganzi uweke nukta." Nilichora mstari wangu, na nilipofika mwisho nikajikuta, bila kupanga, nimeuanzisha kwenye tako, kwa sababu kulikuwa na uchovu fulani huko ambao sikuwahi kuuhesabu kuwa ni ugonjwa. Aliitazama karatasi kwa muda, akaniambia nisimame, nishike ukingo wa meza kwa kidole kimoja tu kwa ajili ya mizani, na nijiinue kwa ncha za vidole vya mguu wa kulia. Niliinuka bila shida, mara 10. Akaniambia nifanye hivyohivyo kwa wa kushoto. Nikauamuru mguu, na kisigino hakikuondoka sakafuni. Nilijaribu tena huku nikiuma meno, kikanyanyuka kiasi cha unene wa daftari, kikaanguka.

Sikuwa najua. Kwa miaka miwili nilikuwa nikipanda ngazi za shule na kutembea hadi sokoni, na mwili ulikuwa umejipangia njia nyingine bila kunipa taarifa. Alinigonga kano ya nyuma ya kisigino kwa kinyundo cha mpira. Wayo wa kulia ukaruka, wa kushoto ukatulia kama si wangu. Mwisho alinilaza chali na kuuinua mguu wa kushoto taratibu ukiwa umenyooka, na kabla haujafika nusu ya njia ule mstari wa moto ukawaka kuanzia takoni hadi kwenye kidole kidogo. "Unyayo wako hauna kosa, mwalimu," akasema. "Tuuangalie mgongo."

Nilimwambia kwamba mgongo hauniumi, naye akanipa mfano ambao sijausahau. Ukigonga kiwiko mahali pabaya, umeme unaousikia hupiga kidole kidogo cha mkono ingawa kidole hicho hakikuguswa na kitu, kwa sababu neva, yaani mshipa wa fahamu, inayokwenda kwenye kidole hicho inapita pale kwenye kiwiko, na ubongo hauna njia ya kujua kwamba ujumbe umeanzia katikati ya safari. Neva za miguu nazo hutoka mgongoni. Sehemu ya kiuno ina pingili 5, na kati ya pingili na pingili kuna gegedu lenye kiini laini ambalo watu huliita diski. Mizizi ya neva hutoka pembeni, baadhi yake huungana kuwa neva ya siatiki, iliyo nene kuliko zote mwilini, ambayo hupita takoni, ikashuka nyuma ya paja na kugawanyika karibu na goti. Gegedu likipasuka na kiini chake kikatokeza nyuma, humgusa mwenye nyumba aliye jirani, yaani mzizi wa neva, na maumivu husikika kule mzizi huo unakokwenda. Mgongo wenyewe unaweza kuuma kidogo, au kuwa uliuma zamani ukaacha, au usiume kabisa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwafundisha watu ramani ndogo ambayo kila mtu anaweza kuikumbuka. Mzizi unaotoka chini ya pingili ya 5 ya kiuno hupeleka maumivu na ganzi upande wa nje wa ugoko, kisha juu ya wayo hadi kwenye kidole gumba, na ukidhoofika mtu hushindwa kukiinua kidole hicho au wayo wote, akawa anajikwaa kwenye zulia na kandambili inamtoka mguuni bila yeye kujua. Mzizi unaofuata chini yake, ambao ndio uliokuwa wangu, huenda kwenye kigimbi, kisigino, ukingo wa nje wa wayo na kidole kidogo, na udhaifu wake huonekana katika kusimama kwa ncha za vidole. Ule wa pingili ya 4 huteremka mbele ya paja na kupita gotini hadi upande wa ndani wa ugoko. Ndiyo maana kigimbi changu kilikuwa kikikaza usiku: msuli ambao neva yake inasumbuliwa hukaza ovyo, na hakuna ndizi wala maji ambayo yangeweza kuliondoa tatizo hilo.

Kwamba gegedu la mgongoni linaweza kuuumiza mguu ni elimu ya juzi tu, kwani madaktari wawili wa Boston, Marekani, Mixter na Barr, ndio waliolieleza jambo hili kwa ushahidi wa upasuaji mwaka 1934. Nilikwenda Dar es Salaam kupiga picha ya MRI, ile inayoonyesha ndani ya mwili kwa nguvu za sumaku, na gegedu la mwisho la kiuno lilionekana limetokeza upande wa kushoto, sawasawa na kalamu nyekundu ilivyosema. Ninasisitiza neno "sawasawa", kwa sababu picha peke yake hudanganya. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya MRI za watu 98 wasio na maumivu ya mgongo, na zaidi ya nusu yao walikuwa na angalau gegedu moja lililovimba kidogo. Kwa hiyo mtu anayeambiwa "pingili zimesagika" au "ute umekauka" anapaswa kuuliza kama kinachoonekana kwenye picha kinalingana na mahali anapoumwa, la sivyo anaweza kutibiwa picha badala ya mwili.

Watu wengi wenye tatizo kama langu hupata nafuu kubwa kati ya wiki 6 na 12 bila kufanyiwa upasuaji. Mimi nilikuwa nimechelewa, na kila siku nilikuwa nikiukera mzizi ule kwa kukaa saa nyingi nimejikunja juu ya madaftari na kunyanyua ndoo ya lita 20 kwa kuinama kiunoni huku magoti yamenyooka. Nilipewa mazoezi ya kulala kifudifudi na kuinua kifua kwa mikono, kutembea kila siku badala ya kulala kitandani, na kuuimarisha msuli wa kigimbi hatua kwa hatua. Niliambiwa pia dalili ambazo nikiziona nisisubiri hata kukuche: kushindwa kukojoa au kutohisi mkojo unapotoka, kushindwa kuzuia haja kubwa, ganzi sehemu za siri na zile mtu anazokalia, au miguu yote miwili kulegea. Dalili hizo zinaonyesha kwamba fungu zima la neva za mwisho wa mgongo, linalofanana na mkia wa farasi, limebanwa, na hapo upasuaji wa haraka ndio unaoweza kuokoa kibofu na miguu.

Jambo jingine ambalo katika nchi zetu halifai kusahauliwa ni kifua kikuu cha mgongo, ambacho daktari wa Uingereza Percivall Pott alikieleza mwaka 1779 na ambacho bado kipo kwetu. Ugonjwa huu huja polepole: mgongo unauma mchana na usiku, mtu anakonda, anatoka jasho usiku, ana homa za jioni, kisha miguu inaanza kuwa mizito na kukakamaa, na baadaye pingili huporomoka na kibyongo hutokea. Mgonjwa anaweza kuwa hakohoi kabisa. Ugonjwa wa brusela nao, unaopatikana kwa maziwa yasiyochemshwa na kwa kuhudumia mifugo, huweza kushika mgongo na nyonga pamoja na homa zinazokuja na kuondoka. Magonjwa haya yote mawili yanatibika kwa dawa, na ndiyo sababu naumia ninaposikia mtu wa namna hiyo amekandwa kwa miezi sita. Na aliyekwishaanza dawa za kifua kikuu akisikia miguu inachoma, amwambie mhudumu wake, kwa kuwa isoniazidi, mojawapo ya dawa hizo, hupunguza vitamini B6 mwilini na tiba yake ni kidonge kidogo cha vitamini hiyo.

Fumbo la mjomba wangu lilitatuliwa na baiskeli. Ana miaka 71, na hapa Tanga baiskeli ni mali ya karibu kila nyumba, hivyo haikumshangaza mtu kwamba anaendesha yake hadi shambani na kurudi bila kulalamika. Kilichoshangaza ni kwamba mzee huyohuyo alikuwa hawezi kutembea kutoka nyumbani hadi msikitini bila kukaa barazani kwa watu mara mbili, kwa sababu miguu ilikuwa ikijaa uzito, ganzi na kukaza vigimbi. Siku moja nilimkuta anaisukuma baiskeli yake bila kuipanda, ameinama juu ya usukani, na anatembea vizuri kabisa. Nilipomweleza yule kijana wa fiziotherapia alitabasamu kabla sijamaliza. Kwa wazee njia ambamo neva hupita ndani ya mgongo huweza kuwa nyembamba. Mtu anaposimama wima hubana zaidi, anapoinama mbele au kukaa hufunguka. Mwenye mishipa ya damu iliyoziba miguuni naye hupata maumivu ya kigimbi akitembea, lakini yeye hupona kwa kusimama tu, haimlazimu kukaa wala kuinama, na baiskeli haimsaidii kwa sababu msuli ule ule unafanya kazi. Huyo wa mishipa ya damu mara nyingi ni mvutaji sigara au mwenye kisukari, wayo wake huwa wa baridi, kidonda chake hakifungi, na mapigo ya damu juu ya wayo hayasikiki vizuri yakiguswa kwa vidole.

Nimekuwa nikichelewa kuandika kuhusu mama yangu kwa sababu bado linaniuma. Mama ana kisukari kwa miaka mingi, na kwa muda mrefu amekuwa akisema nyayo zake zinawaka usiku, zote mbili kwa pamoja, kuanzia vidoleni na kupanda juu kama mtu anayevuta soksi, na kwamba shuka likimgusa anasikia kama upupu. Hii ndiyo tofauti kubwa ambayo ningeomba kila mtu aishike: maumivu ya mgongo kwa kawaida hufuata mstari na hupendelea upande mmoja, ilhali neva zilizodhuriwa na sukari huanzia kwenye ncha za miguu yote miwili. Pombe nyingi, upungufu wa B12, virusi vya Ukimwi na baadhi ya dawa huweza kuleta hali kama hiyo. Metiformini, dawa ambayo wagonjwa wengi wa kisukari wanaimeza, ikitumika kwa miaka hupunguza B12, na mama alikuwa anaitumia bila kupimwa kiwango hicho hata mara moja.

Jioni moja ya mwezi wa Julai alilalamika kwamba miguu imekuwa ya baridi na imekufa ganzi. Nilimtayarishia beseni la maji ya moto na chumvi, kama yeye alivyomfanyia bibi na kama bibi alivyowafanyia wengine. Alitumbukiza miguu, akasema, "Maji haya yamepoa, mwanangu, ongeza." Niliongeza. Akasema tena niongeze. Nilipotia mkono wangu kumsugua nikauondoa upesi kwa joto, na alipoitoa miguu ngozi ya wayo wa kulia ilikuwa imejikunja karibu na kidole gumba, na malengelenge mawili yalikuwa yameshaanza kujaa maji. Hakusikia chochote. Kidonda kile kilichukua miezi 4, kwa kusafishwa kila siku ya pili, na Mungu alisaidia hakikufika kwenye mfupa. Baadaye nesi mmoja alimwonyesha namna nyayo zinavyopimwa kwa uzi wa plastiki ambao hujipinda unapobonyezwa kwa uzito wa gramu 10; mama alifumba macho, uzi ukaguswa mahali pengi chini ya wayo, naye akawa anauliza, "Umeanza?"

Kuhusu kukaza kwa misuli kwa jumla, ambako si kila mara kuna uhusiano na mgongo, mengi yanayosemwa mitaani hayana uzito. Kunyoosha msuli uliokaza ndiyo tiba ya papo hapo, na ndicho wachezaji wa mpira wanachofanyiana uwanjani wanapomkunja mwenzao wayo kuelekea kwenye goti. Mjamzito katika miezi mitatu ya mwisho hupatwa mara kwa mara; pia mtu aliyefanya kazi ngumu juani na kutoka jasho jingi, mtu mwenye kipindupindu au kuhara sana, ambaye huyu anahitaji maji yenye chumvi na sukari kwa dharura, mgonjwa anayesafishwa damu kwa sababu ya figo, na wale wanaotumia dawa za kukojosha kwa ajili ya presha au moyo. Magineziamu inayouzwa kwa bei kubwa haijaonyesha faida ya maana kwa wazee ilipojaribiwa katika tafiti. Kwinini, ambayo sisi tuliijua kwa malaria, iliwahi kutumika sana Ulaya na Marekani kwa misuli inayokaza usiku, lakini mwaka 2006 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya isitumiwe kwa kazi hiyo, kwa kuwa inaweza kuangusha chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, na kuvuruga mapigo ya moyo.

Kuna kigimbi kimoja ambacho hakipaswi kukandwa wala kuchuliwa kwa namna yoyote. Kikivimba kwa upande mmoja tu, kikawa cha moto na kinauma bila kuachia, hasa baada ya kujifungua, baada ya upasuaji, au baada ya safari ndefu ya basi au ndege, huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na donge hilo likichomoka huenda mapafuni na kuua. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na mafuta ya kuchulia yaachwe nyumbani.

Mama sasa ana kipima joto cha maji, kile cha kuogeshea watoto wachanga, na hata hivyo mimi hutumbukiza kiwiko kwanza. Kila jioni hukaa kwenye mkeka, mjukuu wake akampigia tochi chini ya nyayo na katikati ya vidole, akitafuta mkwaruzo, mwiba au rangi iliyobadilika, kisha huvaa viatu vilivyofunikwa mbele hata akiwa ndani ya nyumba. Kwa upande wangu, kidole kidogo cha kushoto bado hakijarudisha hisia zake zote, na nikikaa kusahihisha mitihani zaidi ya nusu saa hunikumbusha ninyanyuke. Kigimbi hakijakaza usiku tangu mwezi wa Februari. Jana jioni nilishika ukingo wa meza ya jikoni kwa kidole kimoja, nikahesabu: mguu wa kulia mara 25, wa kushoto mara 19.